Alimsukuma mdogo wake kutoka kwenye jiwe, akasubiri ainuke kama paka wa katuni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kirumba, upande wa mlimani kule juu kwenye mawe. Nauza dagaa soko la Mwaloni. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mzigo wa visiwani unataka uukute alfajiri. Ukichelewa, wazuri wameshachukuliwa, unabaki kubembeleza bei ya dagaa wa kulishia kuku. Kwa hiyo natoka nyumbani bado giza. Mume wangu ni fundi magari, gereji iko Nyakato, naye kurudi kwake ni usiku. Mchana watoto wanakaa na dada wa kazi pamoja na mama mkwe wangu, ambaye tulimleta kutoka Magu baada ya miguu kumsumbua.

Mkubwa ni wa kike, ana miaka saba, yuko darasa la pili. Wa kati ni wa kiume, miaka mitano, anasoma chekechea ya hizi shule za Kiingereza. Wa mwisho ni wa kike, ana miaka mitatu.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe, kimo chake kinanifika kifuani. Watoto wote wa mtaa wanalipanda. Siku moja mchana huyu wa kiume alimpandisha mdogo wake juu, akamwambia simama hapa ukingoni, akamsukuma. Mtoto aliangukia kidevu kwenye kokoto. Dada wa kazi alisikia kishindo na ukelele, akatoka mbio mkono una povu la sabuni. Shangazi, kilichoninyima usingizi si damu. Ni kwamba kaka mtu hakukimbia wala hakulia. Alibaki juu ya jiwe anamtazama mdogo wake pale chini, akamuuliza dada, "Mbona hainuki?"

Mimi nilifika hospitali nikakuta kidevu kimeshashonwa. Usiku nikamketisha kijana wangu, nikamuuliza taratibu. Akanieleza bila wasiwasi kwamba paka wa kwenye katuni huanguka kutoka ghorofani, anakuwa bapa kama chapati, halafu anajitikisa anaendelea kumkimbiza panya. Alidhani na mdogo wake atakuwa bapa kidogo.

Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika. Mama mkwe anasema televisheni iuzwe, na king'amuzi chake. Anasema wao walilelewa shikome, jioni mnaota moto, wazee wanasimulia, na hakuna aliyemsukuma mwenzake kwenye jiwe. Mume wangu hataki kusikia. Anasema watoto wamejua Kiingereza kwa ajili ya katuni, huyu wa kati anahesabu mpaka mia na rangi zote anazitaja, na kwamba yeye anawachagulia zile zenye mafunzo mwishoni.

Na si jiwe peke yake. Huyu wa kiume ameanza kumcheka bibi yake anavyoongea. Bibi Kiswahili chake kina Kisukuma ndani yake, ndivyo alivyo. Mtoto anamwiga, anaongeza sauti ya kukoroma, halafu anasema hivyo ndivyo majitu yanavyoongea. Bibi hasemi kitu, anavuta khanga yake tu anageukia ukutani. Juzi tena mbele ya mafundi wenzake na baba yake, kamwambia baba ana kitambi na ni mjinga, kama yule baba nguruwe.

Mkubwa naye amejiunga na wenzake wawili, kuna mtoto wa jirani wamehamia kutoka Ukerewe, wanamwambia wewe si wa kundi letu. Nilipombana akasema ameona kwenye katuni ya mabinti wa kifalme. Nikaitafuta na mimi nikaitazama mpaka mwisho. Shangazi, mwishoni wale mabinti wanapatana, wanakumbatiana, na wimbo unapigwa! Sasa mbona mwanangu amechukua mwanzo tu, mwisho akauacha?

Nizime kabisa? Au nimsikilize mume wangu? Kuna katuni nzuri kweli au zote ni zilezile?

Mama wa Watatu, Kirumba, Mwanza

*

Marahaba, mama. Pole sana, na kidevu hicho nacho nakipa pole.

Nianze na lile swali lililokunyima usingizi, kwa sababu naona unaogopa umezaa mtoto katili. Mtoto aliyetaka kuumiza angekimbia kujificha, au angeapa kwamba kaanguka mwenyewe. Wako alikaa pale pale anasubiri. Alikuwa na hakika kuna kitu kinafuata, kisifuate, akauliza. Mimi swali hilo ningelishukuru, maana limekuonyesha mahali hasa pengo lilipo.

Huyo paka na huyo panya, kama ni wale ninaowafikiria, Tom na Jerry, walitengenezwa Marekani mwaka 1940 na William Hanna na Joseph Barbera. Kwa zaidi ya miaka themanini Tom amepigwa kikaango cha uso, amelipuliwa kwa baruti, amebanwa mlangoni, na picha inayofuata yuko mzima na mkia wake. Hakuna damu, hakuna foleni ya hospitali, hakuna dawa za kununua dirishani. Mimi na wewe tunacheka kwa sababu tunajua mambo hayaendi hivyo. Kichekesho chote kiko hapo. Mtoto wa miaka mitano anacheka na sisi, ila yeye hakuwa amejua.

Kuiga kwenyewe si habari mpya. Mwaka 1961 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita mtu mzima anayelipiga dude la kupuliza lenye sura ya mtu, kwa ngumi na kwa nyundo ya mbao. Watoto walipoachwa na dude lile walilipiga vilevile, na maneno aliyosema yule mtu mzima wakayasema. Mwaka 1963 akarudia kwa filamu, na katika filamu mojawapo mpigaji alivaa kama paka mweusi, pamepambwa kama katuni. Wakaiga pia. Wako wanaoutumia utafiti huu kutisha wazazi kwamba kila mtazama katuni ni jambazi wa kesho; mimi simo. Lile dude lenyewe limetengenezwa chini zito, ukilipiga linalala na kuinuka. Watoto wale walikuwa wanapiga kitu kinachoinuka kweli. Mwanao alipata bahati mbaya ya kujaribu kwa mdogo wake.

Kwa hiyo katuni ile haikumfundisha ukatili. Ilimnyima kipande: kile kilicho kati ya kuanguka na kupona. Mpe wewe. Mwache amwone mdogo wake anavyoshindwa kutafuna, ampelekee uji, ashike kikombe wakati unamfuta. Aguse kovu, kwa ruhusa ya mwenye kidevu. Usifanye kama adhabu na usimkumbushe kila jua likichomoza, atajifunza kukukwepa tu. Halafu siku moja kaa naye mtazame huyo huyo paka. Akianguka, punguza sauti, muulize: wewe ungeangukia hapo ungeumia wapi? Subiri ajibu. Ongeza sauti, mcheke pamoja. Usimwondolee utamu wake.

Na jiwe liwekee sheria inayoeleweka, kwa watoto wote wa mtaa, siyo kwa wako tu. Mwanza tumejaaliwa mawe, hatuwezi kuyahamisha.

Sasa mama mkwe. Huyu ndiye ninayemwona ana dawa mkononi na hajui, na sababu anayoitoa siyo. Kama anadhani hadithi za shikome zilikuwa na maadili safi kuliko katuni, mwambie Shangazi anamsalimu na anamuuliza habari za Sungura. Sungura ni mwizi. Ni mwongo, anakula shamba la mwenzake, anamponza Fisi mpaka Fisi anauawa kwa kosa lisilo lake, na sisi sote tulilala tukicheka. Hakuna katuni ya Marekani yenye shujaa mlaghai kumshinda Sungura wetu.

Lakini mwombe awasimulie ile ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Bila shaka anaijua, Msukuma wa umri wake haikosi. Zimwi linameza watu wote na mifugo, anabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto anazaliwa, anakua, anamuuliza mama yake watu wako wapi, analitafuta zimwi na kuliua. Mpaka hapo ni katuni tupu: zimwi, kijana mdogo, ushindi. Ila anapolipasua ili watu watoke, kisu kinamkata bikizee mmoja sikio. Bikizee anakasirika kwelikweli, anataka kumroga aliyemwokoa, na Masala Kulangwa inambidi ahangaike na dawa mpaka amtibu.

Umeona? Shujaa, tena yuko kwenye haki, kisu chake kimejeruhi, na hadithi haiendelei mpaka kidonda kimetafutiwa dawa. Kipande kile kile ambacho paka wako wa ghorofani hana.

Kuna lingine ambalo shikome lilikuwa nalo: msimulizi anakatizwa. "Bibi, sikio lilitoka damu?" Bibi anasimama anajibu, na jibu linategemea nani kauliza. Kama aliyeuliza ni mtundu, damu inaongezeka. Kama ni mwoga, sikio linakatwa kidogo tu. Katuni haimjui anayeitazama. Inampa wa miaka mitatu kile kile inachompa wa miaka saba, kwa mwendo ule ule, na haisubiri swali.

Ndiyo maana sikubali iuzwe. Ninachotaka ni kiti cha mama mkwe kisogezwe pale ilipo televisheni. Miguu inamuuma, kukaa atakaa popote. Kiingereza hakijui, na hilo ndilo nalipenda, kwa sababu itabidi aulize. "Huyo kasema nini? Kwa nini anampiga? Mama yake yuko wapi?" Mjukuu atalazimika kumweleza, na mtoto anayeeleza jambo kwa Kiswahili kwa mtu anayebisha hawezi kulimeza zima zima. Bibi abishe! Aseme hata kwao Magu paka hafanyi hivyo.

Hili si wazo la uswahilini tu. Mwaka 2016 Eric Rasmussen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walichunguza kipindi cha katuni cha Marekani kilichotungwa makusudi kufundisha watoto wadogo kutambua hisia na kuwaonea wenzao huruma. Kilisaidia, lakini kwa wale watoto ambao wazazi wao walikuwa na kawaida ya kuzungumza nao kuhusu wanachotazama. Waliotazama peke yao hawakupata faida hiyo. Utafiti ulisema wazazi. Kwa kina mama wa Mwaloni mimi nasema bibi anatosha.

Tuje kwa baba watoto na mafunzo yake ya mwishoni. Hapa ndipo swali lako la mabinti wa kifalme linapojibiwa, na jibu silo analolipenda.

Mwaka 2008 Marie-Louise Mares na Emily Acosta wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichukua watoto wa chekechea, wakawaonyesha katuni moja maarufu ya Marekani, ile ya mbwa mkubwa mwekundu. Katika sehemu hiyo anakuja mbwa mgeni mwenye miguu mitatu. Wenzake wanamwogopa, wanamkwepa, mwisho wanagundua ni mbwa kama wao na wanakuwa marafiki. Funzo ambalo mtu mzima analiona kabla hata ya nusu: usimtenge mwenzio kwa kuwa ana ulemavu. Watoto walipoulizwa wamejifunza nini, wengi walijibu mambo ya mbwa. Tuwe wema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtoto wa darasani mwao hawakuvuka.

Tena angalia hadithi za namna hiyo zinavyogawa muda. Ili mapatano ya mwisho yawe matamu, ugomvi lazima uwe mrefu. Dakika zote wale mabinti wananuniana, wananong'onezana, wanabuni namna ya kumfungia mwenzao mlango. Mapatano yanakuja wakati mtoto ameshachoka na wimbo unaanza. Mwanao hakuacha mwisho kwa ukaidi. Alichukua kile alichoonyeshwa kwa kirefu, kwa ufundi, na maneno yake tayari yakiwa yametungwa. Kukumbatiana hakuhitaji kufundishwa, lakini "wewe si wa kundi letu" ni sentensi safi, inatamkika, na inafanya kazi siku hiyo hiyo uliyoijaribu.

Kwa hiyo mume wako asichague katuni kwa mwisho wake. Atazame katikati, aone wahusika wanafanya nini dakika nyingi zaidi. Na mkubwa umuulize habari za katikati hiyo hiyo: yule binti aliyefungiwa nje, alikuwa anafanya nini muda wote ule ambao hatukuonyeshwa? Mwache afikiri. Usimtaje mtoto wa jirani. Akivuka mwenyewe ni bora. Wale watafiti wa Wisconsin baadaye waliweka maelezo mafupi ndani ya kipindi, na watoto wakaelewa zaidi, kwa hiyo kusaidiwa kunasaidia. Asipovuka, mvushe kwa kazi. Siku una dagaa wa kuchambua mchanga, mwite yule wa Ukerewe pamoja na wako, wape ungo mmoja. Watoto wakiwa na kazi ya mikono hawana nafasi ya kuwa kundi. Na mtoto wa Ukerewe kwa dagaa atamfundisha wako, utaona.

La kumcheka bibi limeniuma kuliko jiwe. Mwanao hakulibuni. Mwaka 1998 Julia Dobrow na Calvin Gidney, watafiti wa Marekani, walisikiliza katuni za televisheni za huko na kuandika nani anaongea kwa lafudhi gani. Mashujaa waliongea Kiingereza cha kawaida cha Kimarekani. Lafudhi za kigeni ziliwaangukia mno waovu. Mtoto akisikia hivyo tangu ana miaka miwili, anajenga kanuni bila kuambiwa: anayeongea tofauti ndiye wa kuogopwa au wa kuchekwa. Amefika nyumbani, amemkuta bibi yake anaongea tofauti.

Lakini nimwambie baba watoto, kwa heshima zote, kwamba katuni imepata msaada. Mtoto anayepigiwa makofi kila akitamka rangi kwa Kiingereza, na hapigiwi hata moja akimsalimia bibi yake kwa Kisukuma "mwangaluka", ameshajua lugha ipi ina thamani kabla hajashika rimoti. Huyu ni mama yake yeye. Kumkanya mtoto ni kazi yake, na aifanye mbele ya bibi, kwa Kisukuma kama anacho bado. Asubuhi moja aanze yeye kumsalimia mama yake kwa Kisukuma, mtoto akisikia, wala asimweleze kwa nini.

La baba kuitwa mjinga na kitambi tusilikuze. Baba nguruwe huyo nadhani ni wa Peppa Pig, katuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 2004, na utani wa nyumba ile ni kumcheka baba tumbo lake, naye anacheka. Kwetu utani huo una wenyewe: babu na mjukuu, mabinamu, watani. Mwambie mara moja kwamba hapa baba hachekwi tumbo mbele ya wageni. Na baba akiwa peke yake na watoto acheke kidogo, haitampunguzia kitu.

Katuni hiyo hiyo ya nguruwe ina kisa ambacho watu wa ziwani mnapaswa kukijua. Kuna sehemu inayowaambia watoto wasiogope buibui, hawadhuru. Uingereza ni sawa kabisa. Australia kuna buibui wenye sumu ya kuua, na mwaka 2012 televisheni ya taifa ya huko iliacha kuionyesha kwa sababu ya ujumbe huo. Hakuna aliyekosea kwa nia; katuni ilibeba ya nyumbani kwake ikaenda nayo ugenini. Sasa fikiria kiboko. Kwenye katuni kiboko ni mnene, mpole, mwenye haya. Hata Akili and Me, ambayo naipenda na nitakutajia hapa chini, mmoja wa marafiki wa Akili ni kiboko. Wewe upo Mwaloni, unawasikia wavuvi wanavyosimulia kiboko anavyofanya mtumbwi. Na wale watoto wa katuni wanaojirusha ziwani kila penye joto, ziwa lao halina mamba wala kichocho. Hilo hukuniuliza, ila nyumba yenu na maji haziko mbali, na kijana wako ni mtu wa kujaribu. Mkipata Jumapili na nauli ya boti, mpelekeni kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Aone mamba alivyo akiwa hachezi na mtu.

Umeuliza kama kuna nzuri. Zipo. Ubongo ni shirika la Dar es Salaam, lilianzishwa mwaka 2013. Ubongo Kids, ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, ilianza 2014 na inamfaa huyu wa darasa la pili. Akili and Me ni ya wadogo. Akili ni mtoto wa miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Kilimanjaro, akilala ndotoni anakutana na wanyama wanaojifunza naye. Mtafiti mmoja wa Marekani, Dina Borzekowski, aliipima kwa watoto wa shule za awali Morogoro, na waliotazama waliwazidi wenzao kwenye kuhesabu, kutambua maumbo, kuchora, na hata kwenye Kiingereza. Hili la mwisho mwonyeshe baba watoto kwanza, atakuwa mpole kwa hayo mengine. Ila hata hii, bibi awe karibu, kwa sababu ya yule kiboko.

Muda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Huyo wako wa miaka mitatu yumo humo. Kwa wakubwa usihesabu dakika kama mkaguzi; tazama kama jiwe, mpira na kazi za shule bado vina nafasi.

Simu ndiyo ninayoiogopa kuliko televisheni. Televisheni iko sebuleni, kila mtu anaisikia. Simu inaingia chini ya kitanda na mtoto, na YouTube ikimaliza video moja inaleta nyingine ambayo wewe hukuichagua. Mwaka 2017 kuligundulika huko video nyingi zilizovaa sura za wahusika wa katuni mashuhuri, ndani yake mna kuchinjana na sindano na mambo ya aibu, zimetengenezwa zimnase mtoto anayebonyeza bila kusoma. Nyingi ziliondolewa baadaye, lakini watengenezaji wa takataka hawajafa. Zima ile sehemu inayoruka yenyewe kwenda video inayofuata. Pakua chache mlizotazama mkazikubali, halafu zima data. Bando lako litakushukuru pia.

Najua simu hiyo kwa kawaida anaitoa dada wa kazi, na anaitoa kwa sababu ana ndoo ya nguo, ugali jikoni, na mtoto anayelia. Usimfokee kwa hili la jiwe. Alikimbia na povu mkononi, alifanya lake. Keti naye pamoja na mume wako na mama mkwe, wote wanne, muelewane ni zipi zinafunguliwa, saa ngapi, na nani anakaa karibu. Mume awepo, la sivyo itakuwa sheria yako peke yako, na akirudi yeye usiku akawasha anachotaka, dada hatajua amtii nani.